Lubumbashi hadi Ziwa Tanganyika kwa pikapu ndogo ya hibridi: namna ya kujipanga

Mwongozo huu ni wa mtu wa Lubumbashi mwenye pikapu ndogo ya hibridi, tuseme Ford Maverick iliyoletwa kutoka Marekani, anayetaka kwenda kulala kwenye hema na familia kwa wiki mbili hivi bila kuazima Land Cruiser ya shemeji. Kubali jambo moja mapema: gari ndilo linalochagua njia. Ukilipatia njia linayoiweza, litakwenda mbali kwa esansi (petroli) kidogo kuliko gari lolote kubwa pale mtaani. Ukililazimisha njia ya Land Cruiser, utalala njiani, na hema halitakuwa na uhusiano wowote na usiku huo.

1. Lijue gari kabla hujafungua ramani

Maverick ilianza kuuzwa kama modeli ya 2022. Ya hibridi ina injini ya esansi ya lita 2.5 inayosaidiana na mota ya umeme. Betri yake ya umeme mkubwa ni ndogo, yenye uwezo wa kilowati-saa 1.1 tu. Haichomekwi ukutani: hujaa yenyewe unapokanyaga breki, unapoteremka, au injini inapoizalishia. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wa umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, kukatika. Wasiwasi wako ni esansi, kama kawaida.

Angalia mwaka wa gari. Hibridi za 2022 hadi 2024 huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Ya magurudumu manne kwa hibridi ilianza na modeli ya 2025. Usimwamini muuzaji anayekuambia "pikapu zote ni 4x4". Inama uangalie ekseli ya nyuma.

Tangi hubeba lita 52 hivi. Vipimo vya Marekani vinaipa lita 5.6 kwa kilomita 100 mjini na 7.1 kwenye barabara kuu. Ndiyo, mjini inakula kidogo zaidi, kwa sababu huko unashika breki kila mara na nguvu ya breki inarudi kwenye betri. Kwenye lami ndefu hakuna cha kurudisha, injini ndiyo inayofanya kazi. Ukiwa umebeba familia, maji na hema juu, piga hesabu ya lita 8 kwa kilomita 100. Tangi moja litakufikisha kilomita 600 na akiba kidogo.

2. Chagua njia ya lami yenye matawi mafupi ya vumbi

Wengi huwaza mbuga ya Kundelungu kwanza, na maporomoko ya Lofoi ni kitu cha kuona kweli: maji yanaanguka zaidi ya mita 300. Lakini barabara ya kule ni ya magari yaliyoinuka yanayovutwa na magurudumu yote manne, na msaada uko mbali. Upemba vilevile, tena huko kuna habari za usalama za kuulizia kwanza. Hizo ziache kwa siku nyingine na kwa gari lingine.

Njia ninayoipendekeza inapita Zambia: Lubumbashi, Kasumbalesa mpakani, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Mkushi, Serenje, Mpika, Kasama, Mbala, mpaka Mpulungu kwenye Ziwa Tanganyika. Ni kama kilomita 1,200 kwenda. Sehemu kubwa ni lami, ingawa lami ya kipande kimoja haifanani na ya kipande kingine, na mji wenye pampu hauko mbali sana na mwenzake. Kwenda na kurudi, pamoja na kuchepuka hapa na pale, weka bajeti ya lita 230 hadi 250 za esansi.

3. Msimu: Juni hadi mwanzo wa Oktoba

Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na upande wa kaskazini mwa Zambia ni hivyohivyo. Gari linalovutwa mbele peke yake kwenye udongo mwekundu uliolowa halina maarifa mengine zaidi ya kuteleza. Juni na Julai njia ni kavu lakini usiku ni baridi kali. Watu wanaodhani Katanga haina baridi hawajalala nje mwezi wa saba. Blanketi mbili kila mtu, na kofia ya sufu kwa watoto. Agosti na Septemba ni vizuri zaidi kwa usingizi, ila majani yamekauka na moto wa porini uko kila upande. Nitarudi kwenye moto.

4. Karatasi, kwa sababu Kasumbalesa haina huruma

Tayarisha bahasha moja ya plastiki, nakala mbili za kila kitu:

- Pasipoti za wote na kadi za chanjo ya homa ya manjano, hata za watoto. Masuala ya viza yamalize kwenye ubalozi mdogo wa Zambia hapa Lubumbashi kabla ya kuondoka.
- Karte roze, yaani kadi ya usajili wa gari. Kama si jina lako, barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na notari.
- Permi yako (leseni ya udereva) na asiransi (bima) ya Kongo, pamoja na kadi ya njano ya COMESA, bima ya nchi za jumuiya hiyo, inayokulinda upande wa pili. Iulizie kwa mwenye asiransi wako wiki moja kabla, usingoje dakika ya mwisho.
- Kwa watoto wanaosafiri na mzazi mmoja au na mjomba: cheti cha kuzaliwa na ruhusa ya maandishi ya wazazi.

Ukivuka, upande wa Zambia utachukua kibali cha muda cha kuingiza gari na kulipa ushuru wa hewa chafu, ambao hupimwa kwa ukubwa wa injini. Yako ni lita 2.5, useme hivyo. Utalipa pia ada ya barabara na ya halmashauri. Kila risiti itunze, kwa sababu polisi wa njiani ataiomba. Kibali cha gari kinarudishwa siku ya kutoka. Usikipoteze, kwani bila hicho utaonekana kama umeliuza gari kule.

Dola zibebe noti safi, zisizo na mchaniko wala wino. Badilisha kwacha za kutosha peaji (ada za vizuizi vya barabara) za njiani na esansi ya kwanza, mahali penye risiti. Vijana wenye vibunda mkononi watakupa bei tamu, na hesabu yao huwa na haraka kuliko macho yako.

Fika mpakani asubuhi mapema. Foleni ya malori ya shaba inaweza kuwa ndefu kwa kilomita kadhaa, lakini magari madogo hupita pembeni. Usiogope kupita, ila usijifanye mwerevu pia: nenda polepole, taa zikiwaka, na uwasalimie madereva wa malori. Wao ndio watakaokuambia kama mbele kumefungwa.

5. Gari lenyewe

Hapa ndipo nawaomba wasomaji watulie, maana hibridi ina mambo yake.

*Tairi.* Saizi ya kawaida kwa Maverick nyingi ni 225/65R17. Ni habari njema: RAV4 nyingi zinazozunguka Lubumbashi zinavaa saizi hiyohiyo, kwa hiyo utaipata hapa, utaipata Kitwe, na kwado (fundi wa matairi) yeyote ameshaiona. Tatizo ni tairi la akiba. Mara nyingi linalokuja na gari ni lile jembamba la kukusogeza hadi gereji tu. Tafuta tairi kamili lenye rimu, ulibebe nyuma hata kama linakula nafasi. Beba pia pampu ndogo ya volti 12 na vibandiko vya kuziba tundu.

*Betri ndogo.* Watu wanadhani hibridi haiwezi kukosa umeme. Inaweza. Kompyuta zote za gari huamshwa na betri ya kawaida ya volti 12, na hiyo ikifa, ile kubwa haikusaidii kitu. Friji ya kambi ikichomekwa usiku kucha gari likiwa limezimwa ndiyo inayoiua. Beba kifaa kidogo cha kuwashia gari, na ujue betri hiyo ilipo kabla hujatoka mjini. Friji iwe na betri yake ya pembeni, au tumia sanduku la barafu. Mimi napendelea barafu: haina waya, na Mpika inapatikana.

*Soketi za nyuma.* Baadhi ya Maverick zina soketi za umeme wa nyumbani, lakini ni volti 110 za Kimarekani, wati 400. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi vizuri ukipata adapta ya umbo. Birika lako la volti 220 litapata joto la kukasirisha tu.

*Waya za rangi ya chungwa.* Hizo ni za umeme mkubwa. Asiziguse fundi yeyote asiyejua hibridi, hata akisema amefundishwa na mjomba wake. Ukitengenezewa fremu ya kubebea hema, ichomelewe ikiwa imetolewa kwenye gari, halafu ifungwe kwa bolti.

*Esansi.* Pikapu karibu zote za kwetu ni za mazutu (dizeli), na mtu wa pampu ameshazoea. Akiona pikapu mkono wake unakwenda wenyewe. Shuka, simama karibu na tundu la tangi, umwambie kabla hajainua mpira: "Papa, ni esansi, si mazutu." Zambia sema "petrol" kwa sauti. Mazutu ikiingia, usiwashe gari kabisa, hata kulisogeza tu. Na esansi ya kwenye chupa kando ya barabara, ya wale kadhafi (wauza esansi wa mtaani), iwe ya kukuokoa lita tatu hadi pampu ya kweli, basi.

*Vipuri.* Fundi wa Maverick hutamkuta Kasama. Kabla ya safari badilisha oili na vichujio, kisha ubebe kichujio kimoja cha hewa cha akiba, fyuzi, balbu, oili lita moja, pembetatu mbili za tahadhari na kamba ya kuvutia. Angalia kwenye kitabu cha gari mahali ndoano ya kuvutia inapofungwa.

6. Mzigo na mahali pa kulala

Gari linaruhusiwa kubeba kilo 680 hivi, na watu wamo humo. Watu wazima wawili na watoto wawili ni kilo 230. Maji lita 60 ni kilo 60. Fremu na hema, kilo 60 nyingine. Vyombo, chakula, tairi na nguo, kilo 120. Umefika 470. Inatosha. Ukianza kuongeza gunia la makala (mkaa), kreti mbili za bia na binamu, springi za nyuma zitakwambia.

Sehemu ya mizigo ina urefu wa sentimita 137 mlango ukiwa umefungwa. Ukiushusha mlango wa nyuma unapata kama mita 1.8. Mtu mrefu atalala mshazari. Kuna njia tatu: hema la juu ya fremu, hema linalovikwa sehemu ya mizigo mlango ukiwa chini, au hema la kawaida chini ardhini. Kwa safari hii naona la pili ndilo bora. Ni jepesi, halishiki upepo barabarani kama la juu, yaani halikuongezei esansi, na linakuinua kutoka ardhini. Watoto walale ndani ya gari, viti vya nyuma, madirisha yakiwa wazi kidogo yenye chandarua.

Usiku zima gari kabisa. Hibridi ikiachwa imewashwa hukaa kimya, ukadhani imezimika, kisha injini inajiwasha yenyewe usiku betri ikishuka. Moshi wake ni sumu isiyo na harufu ya kukuamsha. Ufunguo ukae na mtu mzima mmoja tu, siku zote yuleyule.

Jikoni: mbabula (jiko la mkaa) moja, makala nusu gunia, sufuria mbili, unga wa bukari (ugali), kapenta kavu, mafuta, chumvi. Mboga utanunua njiani. Mikate nunua Lubumbashi siku ya kuondoka.

7. Barabarani

Zambia wanaendesha kushoto. Gari la Marekani lina usukani kushoto, sawa kabisa kwa Kongo, lakini kule ukitaka kulipita lori huoni mbele. Abiria wa kulia ndiye jicho lako. Mkubaliane maneno mapema: "njoo" na "ngoja", mawili tu. Mwenye woga wa barabara asikae pale.

Ukiona matawi mabichi yamelazwa barabarani moja baada ya jingine, punguza mwendo: mbele kuna lori lililokufa, mara nyingi bila taa. Hiyo ndiyo sababu ya kutoendesha usiku. Saa kumi jioni uwe umeshajua utalala wapi.

Siku ya kwanza isikupeleke mbali. Kasumbalesa hula saa, na Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba wa Zambia, ina magari mengi. Kulala Ndola au kusonga hadi karibu na Mkushi inatosha. Kama bado wanajenga barabara pana kati ya Ndola na Lusaka, kipande cha kwenda Kapiri kitakuwa na machepuko na vumbi.

Baada ya Serenje pori linaanza kuwa la kweli. Pale Kanona kuna tawi la vumbi la kilomita 14 hivi kwenda maporomoko ya Kundalila, ambalo gari hili linaliweza wakati wa kiangazi ukienda polepole. Tawi jingine, la lami hadi karibu na lango, linakwenda Kasanka, mbuga ndogo inayojulikana duniani kwa popo wa matunda wanaokusanyika mamilioni kwa mamilioni kati ya mwisho wa Oktoba na Desemba. Hapo msimu unagombana na gari: popo wanakuja na mvua. Mwenye kuwataka sana aende siku za mwisho za Oktoba, asiende ndani kabisa kwenye udongo, na awe tayari kugeuka.

Mpika njia inagawanyika: kulia Nakonde na Tanzania, kushoto Kasama. Ukifuata ya Nakonde kwa chini ya kilomita 100, kisha ukaingia vumbi kwenda Shiwa Ng'andu, utafika chemchemi za moto za Kapishya, ambapo kuna sehemu ya kupiga kambi. Maji ni safi, ya kukaa hadi shingoni. Nikiambiwa nichague pa kulala siku mbili njia nzima, ni hapo.

Kwenye barabara ya Kasama utavuka mto Chambeshi. Pana mnara karibu na daraja: hapo mwezi wa Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lilipata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya siku kadhaa nyuma. Lakini mimi husimamisha watoto kwa sababu nyingine. Chambeshi ndiyo chanzo cha mbali kabisa cha mto Kongo. Maji hayo yanaingia Bangweulu, yanatoka yakiitwa Luapula, yanapita Kasenga yetu, Ziwa Mweru na Pweto, yanakuwa Luvua, yanaungana na Lualaba pale Ankoro, kisha Kisangani, kisha Kinshasa. Ramani ya darasani haiwaelezi watoto kama daraja lile.

Kutoka Mbala hadi Mpulungu ndipo hibridi inapofanyiwa mtihani. Mbala iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ziwa liko 773, na kati yao ni kilomita 40 hivi. Gari lenye tani mbili likishuka karibu mita 900 linatoa nishati ya zaidi ya mara nne ya kile betri yako inachoweza kubeba. Yaani betri itajaa mapema, na baada ya hapo breki za umeme hazina pa kupeleka kitu. Usisubiri breki zianze kunuka. Mwanzoni kabisa mwa mteremko weka gia ya L, acha injini ishike gari hata ikipiga kelele. Kelele hiyo ni ya kawaida.

Karibu na Mbala pia kuna Kalambo, maporomoko ya zaidi ya mita 200 mpakani na Tanzania. Hakuna ukuta wala uzio wa maana ukingoni, washike watoto mkono. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba juu ya maporomoko hayo yalipatikana magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale miaka 476,000 hivi iliyopita. Barabara ya mwisho ina mawe. Shusha upepo wa tairi kidogo, na urudishe ukirudi lamini.

8. Kambini

Piga kambi kwenye sehemu zinazolipiwa au kijijini kwa ruhusa ya chifu. Salimu kwanza: "Mwapoleni mukwai" inafungua milango mingi kaskazini mwa Zambia, na wengi wetu Kibemba tunakisikia hata kama hatukisemi. Kisha omba mahali, uliza maji yako wapi, uliza wanyama.

Usiegeshe juu ya majani makavu marefu. Bomba la moshi likiwa la moto, majani yanashika. Fyeka duara, mbabula ikae upande upepo unakokwenda, ndoo ya maji karibu. Usiku makala yote yamwagiwe maji, hata yale yanayoonekana kuwa majivu.

Matunda na unga visikae ndani ya hema; tembo na nyani wana pua. Fungia ndani ya gari. Kwenye Tanganyika oga pale wenyeji wanapooga na uulize mamba kwanza. Chandarua kila usiku, hata Julai.

Mpulungu soko la samaki huanza alfajiri, na utasikia Kiswahili cha watu wa Moba na Kigoma hapo bandarini. Nunua migebuka iliyokaushwa, si mibichi: safari ya kurudi ni ndefu, na mpakani utatangaza samaki wako kwa afisa wa afya.

9. Kurudi

Jaza tangi Kasama, Serenje na Kapiri hata kama linaonyesha nusu. Lala Copperbelt usiku wa mwisho ili ufike Kasumbalesa asubuhi, urudishe kibali cha gari na kupigiwa muhuri wa kutoka. Ukifika nyumbani toa kichujio cha hewa ukipige vumbi au ukibadilishe, osha gari kwa chini pia, kaza nati za magurudumu na bolti za fremu, na uangalie unene wa tairi za mbele. Kwenye gari hili za mbele ndizo zinazofanya kazi yote, kwa hiyo zizungushe na za nyuma wiki hiyohiyo.